Hadi diski, SSD au flashi? Ununue nini cha kuhifadhia gemu za zamani

Muuzaji akisikia neno "gemu" anakupeleka moja kwa moja kwenye rafu ya vitu vya kasi. Anakutajia SSD (diski za chipu tupu, zisizo na kinachozunguka) za NVMe, aina ya kasi zaidi, na maelfu ya megabaiti kwa sekunde, nawe unaona aibu kuulizia hadi diski ya kawaida. Usione aibu. PS1 ilikuwa inasoma CD kwa KB 300 tu kwa sekunde, na PS2, kwa kasi yake ya juu kabisa ya DVD, ilifika MB 5 na ushee. Hadi diski yoyote nzima, hata ukiichomeka kwenye poti ya zamani ya USB 2.0, inapitisha karibu MB 30. Tena emuleta, yaani programu inayoigiza konsoli ya zamani ndani ya kompyuta yako, inaiga mwendo wa diski ya kale kwa makusudi, maana zipo gemu zinazovurugika data ikifika kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo kasi nimeiweka kando. Orodha hii nimeipanga kwa mambo mawili: faili zitakaa salama, na shilingi yako inakupa nafasi kiasi gani.

Nafasi yenyewe inategemea umekulia konsoli gani. Super Mario Bros. ya NES, konsoli ya kale ya Nintendo, ni KB 40, ndogo kuliko picha nyingi unazotumiwa WhatsApp. Kaseti kubwa za Super Nintendo ziliishia MB 6, za Nintendo 64 zikaishia MB 64. Kama mapenzi yako yanaishia hapo, funga ukurasa huu, diski uliyonayo inatosha na chenji inabaki. Hesabu inabadilika kwenye CD na DVD: gemu ya PS1 inaweza kufika MB 700 kwa CD moja, ya GameCube ya Nintendo GB 1.4, na ya PS2 kwa kawaida ni hadi GB 4.7, ila zile za tabaka mbili kama God of War II zinakaribia GB 8.

1. Hadi diski ya nje, mpya, TB 1

Hii ndiyo ningekuambia ununue ukinipigia simu ukiwa dukani. Hata kila gemu ya PS2 ingejaza DVD nzima, zinaingia zaidi ya 200, na kwa bei ya kila gigabaiti, SSD kwa kawaida haiigusi. Ubaya wake ni kwamba ndani mna sahani zinazozunguka na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo mno. Ikidondoka imezimwa, unaweza kubahatika. Ikidondoka inazunguka, andaa maombolezo. Iweke nyuma ya kompyuta, mahali ambapo mtoto hapiti na waya wa chaja hauvutwi. Angalia pia ncha ya waya: nyingi bado zina ile ncha pana yenye vijumba viwili, ambayo hulegea ukiichomoa kila siku.

Usipoigusa kwa muda, diski inajizima yenyewe. Ukifika sehemu mpya ya gemu picha inaganda sekunde mbili tatu mpaka iamke. Emuleta haijafa, subiri.

Ukiamua kuchukua iliyotumika, nenda na laptopu yenye programu ya CrystalDiskInfo. Soma "Power On Hours" hapo juu. Ukikuta saa 26,000, hiyo imefanya kazi karibu miaka mitatu bila kulala, na pengine ilikuwa kwenye kamera za ulinzi. Kisha shuka kwenye mistari ya 05 na C5, yaani sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na zinazosubiri kutangazwa mbovu. Namba za mwisho za mistari hiyo zisipokuwa sifuri tupu, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia bei mara mbili.

2. SSD ya SATA ndani ya kava la USB

Kwa mtu wa mabegi na daladala, hii inapanda kuwa ya kwanza. Haina kinachozunguka, inavumilia mtikisiko, na GB 480 inabeba PS1 na GameCube za kutosha. Nunua ya SATA ya inchi 2.5, ile yenye umbo la diski ya laptopu. Ile ya NVMe ya nje itakutoza hela ya kasi ambayo PS2 haijawahi kuiota. Hasara ya SSD ni kwamba haipendi kutupwa kabatini mwaka mzima bila umeme. Inashika data kwa chaji, na chaji huvuja.

Kuna hali moja tu ambapo nitakusukuma ununue SSD kwanza: kama Windows yako bado inawaka kutoka kwenye hadi diski. Weka SSD ndani, hamishia Windows huko, na ile ya zamani iliyotoka iwekee kava iwe ghala la gemu. Emuleta haitabadilika sana, ila wewe utaacha kupika chai huku kompyuta ikiwaka.

3. Kadi ya microSD

Inafaa kama utahama kati ya kompyuta na kikonsoli cha mkononi. Kwa gemu za kaseti na PS1 haina neno. Tatizo lake ni lile lile la flashi, utalisoma hapa chini.

4. Flashi

Flashi ni ya kubebea gemu kutoka kwako kwenda kwa rafiki, si ya kuwekea makazi. Niliwahi kununua moja kwenye meza ya barabarani, imeandikwa TB 2, na Windows ikathibitisha: TB 2. Nikajaza gemu jioni nzima nikijiona mjanja. Kesho yake majina ya faili yote yapo, ila zilizofunguka ni chache mno. Ndani mlikuwa na chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: ikijaa inarudi mwanzo na kuandika juu ya ulichokwisha kuweka, kimya kimya.

Tangu hapo sikubali flashi wala microSD bila kuipima kwa programu ya H2testw, au F3 kwa wa Linux na Mac. Programu inajaza nafasi yote halafu inasoma upya kuhakiki. Inachosha: flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa tatu na nusu kujaza GB 128, na bado haijaanza kusoma. Ipime siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Flashi nyingi pia huja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, usiopokea faili moja ya GB 4 au zaidi. Nafasi iko tele, lakini God of War II inagoma kuingia. Ifomati iwe exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kabla ya kuweka chochote. Kwa diski inayokaa na Windows tu, hasa kama umeme wa kwenu una tabia ya kuondoka bila kuaga, NTFS ni bora, maana inaweka kumbukumbu za mabadiliko na hupona vizuri zaidi ikikatizwa.

5. Diski iliyokwisha kujazwa "gemu 60,000"

Usinunue. Gemu ile ile imerudiwa kwa Kijapani, Kiingereza na Kihispania, diski yenyewe huwa ya bei chee kuliko zote, na programu zilizomo hujui zimepita mikononi mwa nani. Halafu kuna suala la haki. Emuleta si kosa. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PS1. Gemu na BIOS (programu ya ndani inayoiwasha konsoli) ndizo zenye wenyewe. Kama CD na DVD zako halisi za PS1 na PS2 bado zipo, hela hiyo nunulia kisomeo cha DVD cha USB uzinakili mwenyewe kwa programu ya ImgBurn. Za GameCube hazisomeki kwenye visomeo vya kawaida.

Kabla ya kukimbilia diski kubwa zaidi, bana ulichonacho. Kwa PS1, amri hii ya programu ya chdman inageuza rundo la faili za .bin kuwa moja iliyobanwa, ya CHD, bila kupoteza hata biti:

chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd

Kwa DVD za PS2 weka createdvd na faili ya .iso. DuckStation (emuleta ya PS1) na PCSX2 (ya PS2) zinasoma CHD bila shida. Dolphin, emuleta ya GameCube, ina muundo wake wa kubana, RVZ.

Na bakapu? Gemu unaweza kuzinakili tena, sevu huwezi. Memori kadi nzima ya PS2 kwenye PCSX2 ni faili moja ya MB 8 na ushee, Mcd001.ps2. Yangu imebeba misimu saba ya Master League ya gemu ya mpira ya PES 6, na kila Jumapili naituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe.