Banda la Wanchun, Beijing: usikubali kuharakishwa

Mara ya kwanza nilipelekwa Jingshan, bustani yenye kilima ambacho banda hili liko juu yake, na kampuni moja ya utalii, tukapewa robo saa tu. Nilishuka na picha kwenye simu, lakini kuona sikuona. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu, nikalipa yuani 2 getini, nikakaa juu mpaka jua likazama.

Kilima chenyewe kilijengwa kwa mikono ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 15, enzi za mfalme Yongle, udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji linalozunguka kasri la wafalme wa China (Mji Uliokatazwa) ulirundikwa hapa. Kimo chake ni mita 45 hivi. Mabanda matano yaliyoko juu yalikuja baadaye sana, katikati ya karne ya 18, chini ya mfalme Qianlong.

Wanchun ndilo la katikati na ndilo kubwa: mraba, mapaa matatu yaliyopandana, vigae vya njano vyenye ukingo wa kijani. Njano ilikuwa rangi ya mfalme, ndiyo maana mawili yanayolipakana, yenye pembe nane, yana vigae vya kijani, na yale mawili ya mwisho, ya duara, yana vya buluu. Ukifika, simama chini ya upenu uinue macho. Vipande vya mbao vimepachikwa kimoja juu ya kingine, kila safu ikijitokeza nje kidogo kuliko ya chini yake, hadi vinaubeba ukingo wa paa. Nilitazama mpaka shingo ikauma.

Ndani kuna sanamu ya Buddha, lakini ni mpya. Kila banda lilikuwa na yake ya shaba. Mwaka 1900 majeshi ya kigeni yalipoingia Beijing, nyingine ziliporwa, nyingine zikaharibiwa. Hilo liliniuma kweli.

Panda kwa upande wa mashariki, upite penye mti wa kumbukumbu ya Chongzhen, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Ming kutawala Beijing, aliyejinyonga hapo mwaka 1644. Fika juu saa kumi jioni. Upande wa kusini watu hubanana, na wana haki, maana mapaa ya kasri yote yako chini yako. Ukishatosheka, zunguka nyuma. Huko kuna nafasi, na Mnara wa Ngoma umesimama mbele yako, kwenye mstari uleule ulionyooka na kasri uliloliacha mgongoni.