Grafini ya chupani: bidhaa nzuri, lebo iliyotiwa chumvi

Grafini (kaboni yenye unene wa tabaka moja au machache ya atomi) iliyotawanywa katika kiyeyushi cha NMP, ambayo maabara yetu iliagiza kutoka kwa muuzaji mmoja wa Ulaya, naipa nyota tatu kati ya tano. Chupa ilifika ikiwa imefungwa vizuri.

Tatizo ni lebo inayodai "tabaka moja". Bidhaa ya aina hii hutengenezwa kwa kutia unga wa kinywe (grafiti, madini ya kaboni ya kwenye penseli) katika kiyeyushi chenye mvutano wa uso wa takriban milinyutoni 40 kwa mita, kisha kuupiga kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika hadi matabaka yaachane, na hatimaye kuzungusha mchanganyiko kwa kasi katika sentrifuji ili vipande vinene vizame. Kiyeyushi kikiwa na mvutano huo, matabaka hayarudi kushikamana upesi. Maji matupu, yenye takriban 72, hayafai bila kuongezewa dawa ya jamii ya sabuni. Jonathan Coleman na wenzake wa Trinity College Dublin walipoionyesha njia hii mwaka 2008, grafini ya tabaka moja waliyoipata ilikuwa takriban asilimia 1 tu ya uzito wa kinywe walichoanza nacho. Anayeuza chupa nzima ya tabaka moja kwa bei ya wino ana maswali ya kujibu.

Kipimo chetu cha Raman, kinachotambua kitu kwa jinsi kinavyotawanya mwanga wa leza, kilitoa jibu. Kilele cha karibu na 2700 kwa sentimita kilikuwa kipana, dalili ya matabaka kadhaa yaliyolaliana. Hata hivyo, kilele cha 1350, kinachoonyesha kasoro, kilikuwa kifupi, kwa hiyo hii ni grafini kweli, wala si ile oksidi ya grafini ambayo baadhi ya wauzaji huiita grafini bila haya.

Kero kubwa zaidi ni NMP yenyewe. Huchemka kwenye takriban nyuzi 202 za Selsiasi, hivyo hung'ang'ania katika utando wa grafini hata baada ya kukaushwa, na utando wetu ulipitisha umeme vizuri pale tu tulipoukausha tena katika tanuri la ombwe. Isitoshe, Umoja wa Ulaya unaitambua kuwa ni hatari kwa mtoto aliye tumboni, lakini karatasi ya usalama tuliletewa baada ya kuidai.

Kwa wino wa umeme au kuimarisha plastiki, inunuliwe. Kwa transista, afadhali grafini iliyokuzwa juu ya shaba kwa mvuke. Maabara yenye sentrifuji yake, hasa Tanzania, ambako Mahenge kuna kinywe cha mabamba makubwa, ijaribu kwanza kujitengenezea.