Gari la kulala ufuoni mwa Ziwa Victoria: kaskazini au kusini?

Mume na mke wanaoondoka Kisumu na gari la kulala wana njia mbili za kufuata ziwa. Ya kaskazini hupitia Bondo hadi Usenge, kisha Port Victoria. Ni fupi, maduka hayako mbali, na mpenda ndege atatulia Ziwa Kanyaboli, kando ya kinamasi cha Yala. Wikendi inatosha.

Moyo wangu uko kusini. Karibu na Kendu Bay simameni Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lenye maji ya magadi. Mbele ya Homa Bay ni Mbita, na daraja la kuvukia Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya aliyeuawa mwaka wa 1969. Kisha mnateremka Sindo, vilima vya Gwassi vikilitazama ziwa, hadi Muhuru Bay jirani na Tanzania. Huko mnabaki wawili tu, na mazungumzo yaliyoahirishwa nyumbani hupata nafasi. Ila mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Bonde la Lambwe hunasa magurudumu. Gari zito lisijaribu. Jazeni mafuta na majerikeni ya maji Homa Bay.

Kokote mwendako, msilale ukingoni: viboko hutoka usiku kula majani. Wala msiogelee kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, kichocho kipo. Bisheni hodi kwa mwenye boma, muombe pa kuegesha.

Mkiwa na siku za ziada, feri ya Luanda Kotieno, upande wa kaskazini, huvusha magari hadi Mbita, kwa hivyo mnaweza kuanzia Bondo mkamalizia kusini.