Luva au alumini ya kuteleza: dirisha la kupumulia na dirisha la kutazamia

Nenda kwa fundi alumini yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa, mwambie unataka dirisha, atapima na kukukatia la kuteleza bila kukuuliza swali la pili. Ni rahisi kulitengeneza, linafunga vizuri, na mteja analipenda. Luva, zile za vioo vyembamba vilivyopangwa kama ngazi, zimeachiwa shule, zahanati, vyoo na nyumba za zamani za serikali. Tumezilinganisha bidhaa hizi mbili kwa kazi mbili: kupitisha hewa, na kumwonyesha aliye ndani kilichopo nje. Kila moja inafaulu kazi moja na kushindwa nyingine.

Tuanze na hewa, maana inahesabika. Chukua uwazi wa sm 120 kwa sm 120. La kuteleza la vipande viwili, hata ukilifungua lote, kipande kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Unabaki na sm 60 kwa 120, yaani mita za mraba 0.72, na hapo hujatoa fremu. Uwazi huohuo ukiwekwa safu mbili za luva, vioo vikilazwa sawasawa hukupa zaidi ya robo tatu ya eneo, takriban mita za mraba 1.08. Kisha weka wavu wa mbu, ambao nyumba ya pwani haiwezi kukosa. Kwa tahadhari hesabu nusu tu ya kilichobaki: 0.36 kwa la kuteleza, 0.54 kwa luva.

Je, inatosha? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji hewa wa asili katika vituo vya afya unataka lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida, na lita 160 kwa chumba cha wenye maradhi yanayoenezwa kwa hewa kama kifua kikuu. Unatoa pia kanuni ya kukadiria pale madirisha yanapotazamana: 0.65 mara kasi ya upepo (mita kwa sekunde) mara eneo la tundu lililo dogo (mita za mraba) mara 1000, jibu ni lita kwa sekunde. Wodi ya vitanda vinne inahitaji lita 240. Upepo ukiwa wa mita 1 kwa sekunde, unahitaji tundu la 0.37 kila upande. La kuteleza linakosa kidogo, luva zinapita. Upepo ukishuka hadi nusu mita, unahitaji 0.74 na yote mawili yanashindwa.

Angalia maneno “tundu lililo dogo”. Mtu anaweka dirisha kubwa mbele na kidirisha cha choo nyuma, halafu analalamika kwamba chumba ni joto. Kidirisha ndicho kinachopanga kiasi cha upepo. Mwambao wa kwetu una bahati: kaskazi na kusi huingia vizuri kwa madirisha yanayotazama kaskazini na kusini, na pande hizohizo ndizo zinazokwepa jua kali la asubuhi na la alasiri.

Kwenye kutazama, mambo yanageuka. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984, katika jarida la Science, utafiti wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za kati ya 1972 na 1981. Wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo walipangwa jozi 23, waliofanana kwa umri, jinsia na mengineyo. Mmoja wa kila jozi dirisha lake lilitazama miti, mwenzake ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukuta 8.70, na wa miti walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni utafiti mdogo, na haukusema kwamba chungu cha maua mezani kinaponya. Lakini unatosha kumfanya mjenzi aulize: aliyelala hapa anaona nini?

Luva zinajibu vibaya. Zikifunguka, nje unakuona kwa mistari. Zikifungwa na vumbi likatanda, huoni kitu. Vioo vyenye maua ya kuficha, ambavyo maduka mengi huviweka bila kuagizwa, ni vya bafuni. Chumbani dai vioo vyeupe, vinavyoonyesha. La kuteleza linashinda hapa, isipokuwa kizingiti chake kikiwekwa sm 100 au 110 kutoka sakafuni kwa mazoea. Aliyelala anaambulia anga na ukingo wa paa la jirani.

Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kusanifiwa na MASS Design Group, ilizishughulikia kazi zote mbili kwa pamoja. Vitanda vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi katikati ya wodi, kwa hiyo mgonjwa anatazama dirishani na mabonde ya nje badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Hewa inapanda na kutokea juu, ikisaidiwa na mapangaboi makubwa, na korido zimewekwa nje ya jengo. Kuhamisha kitanda ni bure. Hata nyumbani linawezekana leo.

Kwa anayejenga sasa, agizo letu ni hili: uwazi wa upana wa sm 180 na kimo cha sm 150, kizingiti sm 60 kutoka sakafuni. Katikati kioo kisichofunguka cha sm 60, kila upande safu ya luva ya sm 60. Kwa hesabu ile ile, na wavu, unapata takriban 0.68, karibu mara mbili ya la kuteleza la 120. Kioo cha katikati kikiwa chini hivyo kiwe cha tabaka mbili zenye plastiki kati yake, mm 6.38, kisije kikamkata mtoto. Mwambie fundi kabla lenta haijamwagwa, maana nondo za lenta ya sm 120 huenda zisitoshe kwa sm 180.

Matatizo ya luva yanajulikana na mengi yanazuilika. Kioo chembamba hupinda na kutetema: tumia mm 6, urefu usizidi sm 90. Pwani, vibanio vya chuma huoza kwa chumvi na mkono wa kufungulia unakwama. Chukua vya alumini na skrubu za chuma cha pua, kwani skrubu ya kawaida nayo huoza kwa chumvi. Mwizi huchomoa kioo kwa kukunja kibanio, hivyo grili ni lazima, iwe ndani. Wavu uwe kwenye fremu ya kutoa na uwe na upenyo wa mkono, la sivyo luva zitafungwa siku moja na kubaki hivyo. Mvua ya masika yenye upepo huingia hata zikiwa zimefungwa. Kibaraza cha sm 60 juu yake hupunguza sana. Chumba chenye kiyoyozi usiziweke kabisa, kwani zinavuja hewa kwenye kila mpandano.

Kuhusu mti wenyewe: panda wenye shina refu na kichwa juu, kama mwarobaini uliopogolewa matawi ya chini, umbali wa mita tano au zaidi kutoka ukutani kwa ajili ya mizizi. Ua mnene wa michongoma mbele ya dirisha unapendeza, ila unazuia upepo wote uliougharamia.