Matairi ya trela la boti: la kununua kwanza na la kuacha dukani

Trela la boti husimama juani miezi mitatu Entebbe au Jinja, kisha siku moja linavutwa na mzigo wake wote. Ndiyo maana matairi yake hupasuka yakiwa na meno mazima: ubavu umeshaingia nyufa, upepo umepungua bila mtu kugundua, na joto la lami linamalizia kazi.

Kabla ya kuuliza bei, piga hesabu. Boti kilo 600, injini 110, petroli lita 100 (kilo 75 hivi), nanga na vifaa 65, trela lenyewe 300: jumla 1,150. Kwa matairi mawili, kila moja linabeba 575. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya mashimo, unapata kilo 690. Kwenye ubavu wa tairi, namba ya mzigo (load index), inayokuja baada ya saizi, hiyo ni 95. Namba 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800. Ukikuta mbili, kama 106/104, soma ya kwanza. Ya pili ni ya magurudumu pacha.

1. Tairi jipya la taksi. Ni lile lenye R (redio) na C (la gari la kibiashara), kama 195R14C, linalovaliwa na taksi za abiria 14. Lenye namba 106 hubeba kilo 950. Tunalipa nafasi ya kwanza kwa sababu likipasuka jioni njia ya Masaka, mwenzake utampata kituo chochote chenye duka la matairi. Kwa mzigo wa hesabu yetu, psi 45 zinatosha. Ukijaza 65 trela litarukaruka. Ila mzigo ukikulazimisha kufika 65, funga valvu ya chuma, maana ile ya mpira ya kawaida hapo imefika mwisho wake.

2. Tairi la trela lenye herufi ST (Special Trailer). Hili ndilo lililotengenezwa kwa kazi hii, lina ubavu mgumu na trela haliyumbi. Tatizo ni kulipata. ST205/75R14 la daraja la mzigo C (load range) hubeba kilo 798 kwa psi 50, linafaa. ST175/80R13 la daraja hilohilo huishia 617, kwa hiyo kwa boti ya mfano wetu halina akiba. Ukinunua ST, nunua na spea siku hiyohiyo.

3. Tairi la nailoni, lisilo na R. Linavumilia mawe ya barabara za kushukia mwaloni, lakini mwendo mrefu wa lami hulichemsha. Kama trela lako linatoka uani kwenda mwaloni kilomita tano tu, hakuna ubaya. Usilichanganye na la R kwenye ekseli moja.

4. Tairi la gari dogo. Gawa kilo linazobeba kwa 1.1 kwanza, kisha uone kama bado linatosha. Hata likitosha, ubavu wake laini huliyumbisha trela.

5. Mtumba. Hapana.

Dukani, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi. Mara nyingi ziko upande mmoja tu. Lililozidi miaka mitano liache, hata kama bado lina vile vinyweleo vya mpira. Muuzaji atakuambia halijawahi kukanyaga barabara. Jua na hewa havijali hilo. Soma pia uwezo wa rimu, kwa kuwa tairi la kilo 950 kwenye rimu ya kilo 600 bado ni la kilo 600.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi, na usipunguze njiani kwa kuwa limepata moto. Ukiwa umefunga magurudumu upya Kampala, simama Lugazi ukaze nati kwa kuvuka kwenda ya upande wa pili, si kwa kuzifuata kwa mzunguko. Pancha katikati ya meno inazibika. Ya ubavuni tupa tairi. Trela likikaa, liinue juu ya magogo na ufunike magurudumu kwa mbao au turubai.

Ukifika mwaloni, shika habu (kitovu cha gurudumu) kwa mkono. Ikiwa ya moto, ngoja. Habu ya moto ikizama ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupita kwenye sili (mpira wa kuzuia maji). Kutu huanza kwenye beringi, beringi hukwama, na gurudumu laweza kung'oka pamoja na tairi jipya. Fungua habu moja ukague: grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeshachanganyika na maji, kwa hiyo osha beringi kwa dizeli, zikaushe, paka grisi mpya na ubadilishe sili, hata kama ya zamani inaonekana nzima.