TAHADHARI: Kuna tapeli wa matangi ya vepu hapa Mombasa, msije mkaliwa kama mimi

Jamani, naandika nikiwa na hasira, makosa ya herufi mtanisamehe. Kuna jamaa mjini anauza vepu, hizi sigara za umeme, duka dogo lenye pazia la kijani na viti viwili vya plastiki mlangoni. Jina silitaji, ila wa hapa wengi mshaelewa. Mkifika pale, pitilizeni.

Habari za mimi na sigara mnazijua tangu ile ahadi ya Ramadhani ya kuacha, sirudii. Tangi langu la zamani, kile kichupa cha maji ya nikotini yanayovutwa, lilipasuka kioo, nikawa natafuta jingine la kujaza mwenyewe. Shemeji ndiye aliyenielekeza kwa huyu mtu, na shemeji mnajua hanunui kitu ovyo.

Sasa sikilizeni alivyonicheza. Nimeingia, salamu ndefu, nimepewa kiti na maji baridi. Nikanyoosha kidole kwenye tangi moja rafuni, 4,500. Akalikataa! Muuzaji anakataa pesa! "Hilo kaka unalipia boksi tu. Wewe chukua hili la 2,800, kioo kizito, halivuji ng'o." Niambieni, nani asingemwamini mtu anayekupunguzia bei bila kuombwa?

Hajatosheka. Akachukua boksi jingine akanifundisha kutambua feki: akakwangua kibandiko kwa sarafu, akapiga picha alama ya siri iliyo chini yake kwa simu yake, ukurasa wa watengenezaji ukafunguka ukisema mali ni halali. "Majirani wanauza takataka," akasema, "mimi nina watoto, siwezi kuwalisha haramu." Wallahi alisema hivyo na mkono kifuani. Kisha akainama akatoa langu chini ya meza, kibandiko kimekwanguliwa tayari. "Lako nimelihakiki asubuhi, usijali."

Na lile onyesho la tishu sasa! Akajaza tangi kutoka chupa isiyo na lebo, akaliweka juu ya tishu nyeupe, akalipindua, akalitikisa. "Tafuta tone kaka." Nikapapasa tishu kwa vidole. Kavu. Nikalipa kwa M-Pesa nikiwa natabasamu, na chupa ya flava ya ndimu juu yake, aliyonichagulia mwenyewe ati ndiyo inayokata hamu ya sigara. Risiti kaandika kwa kalamu, "vape 1", basi.

Nimevaa kanzu nyeupe siku ya posa ya binamu. Tumeketi na wazee, nahisi paja limelowa. Natazama, doa la manjano limeshuka kutoka mfukoni mpaka karibu na goti, na chumba kizima kinanuka ndimu. Mzee wa upande wa pili akaniuliza kwa upole, mbele ya watu, "Kijana, u mgonjwa?" Sitaki kuendelea.

Nikampigia. Jibu lake: "Hujui kujaza, yakhe." Mimi! Nilifunga matundu ya hewa kabla ya kujaza. Maji ya flava nilimimina pembeni, sikumwaga ndani ya dohani ya katikati, maana yakiingia humo lazima yatokee chini. Niliacha nafasi ya hewa juu, nikaidondoshea matone pamba ya koili, ule waya unaopasha maji moto, nikangoja dakika kumi ndipo nikavuta. Koili niliikaza. Wati niliweka zilizoandikwa kwenye koili, kwa sababu ukiweka chini mno maji hayachomeki, yanajaa na kugugumia. Hata maji yenyewe nilikagua: ndimu yake ilikuwa 70 ya VG (glisarini, nzito) kwa 30 ya PG (propilini glaikoli, nyepesi), na hiyo ndiyo inayofaa koili kubwa, ile nyepesi ya nusu kwa nusu ndiyo hupenya. Joto letu hili linalainisha maji kila mtu anajua, lakini si mpaka kanzu ilowe!

Nikampelekea rafiki anayezijua hizi. Akalifungua lote juu ya gazeti. Koili "mpya" ilikuwa na pamba yenye kahawia kwenye vitundu vyake, akanipa ninuse: stroberi! Mimi sijawahi kununua stroberi maishani. Ni koili ya mtu mwingine, imechemshwa ikakaushwa, pamba imelegea haishiki tena maji. Raba ya chini ya koili, inayozuia kuvuja, haipo kabisa. Kisha akapasha sindano moto akagusa "kioo kizito" pembeni. Sindano ikazama. Plastiki, yakhe! Na flava za ndimu, mdalasini na minti kali zinajulikana kwa kupasua plastiki za namna hiyo, zinatoa nyufa nyembamba za nywele kila upande. Kwa hiyo aliyeniuzia plastiki ndiye aliyenichagulia ndimu. Alijua! Na yale aliyojaza dukani, nina hakika ni glisarini tupu, nzito kama asali, ingekaa hata kwenye chujio kwa hiyo dakika moja ya tishu.

Maji yaliyoshuka yakaingia kwenye kiungo cha betri, nayo sasa inawaka inapotaka. Hiyo ni hasara nyingine. Na yana nikotini, inapita kwenye ngozi, na mtoto akiyaramba ni mbio za hospitali. Nyumbani kwetu kuna mtoto wa miaka miwili anayeshika kila kitu! Huyu mtu analala vipi usiku?

Nimerudi dukani. Kanionyesha karatasi ukutani, mali ikitoka hairudi, imebandikwa nyuma ya kalenda. Nyuma ya kalenda! Kisha akataka kuniuzia koili nyingine kwa 600.

Afungiwe duka. Asionywe, afungiwe. Apelekwe mahakamani kwa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, watu wa KEBS, shirika la viwango, na wale wa bidhaa ghushi wamwage yale maboksi ya chini ya meza barabarani kila mtu aone. Na arudishe pesa zangu mbele ya shemeji.

Mnaokwenda kununua kwingine: kibandiko mkikwangue wenyewe. Ligongesheni tangi kwenye jino, kioo kinalia, plastiki haina mlio. Koili iwe ndani ya pakiti iliyozibwa, na muinuse. Kuna na mambo ya raba za akiba, muulize mwenye kujua, mimi kichwa kinaniuma.

Lakini hasa msiende kwake. Ashaniibia mimi, ashamwibia na jirani yangu wa ghorofa ya juu, nimejua jana tu, naye alinyamaza kwa aibu. Mwenye ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya duka lile asiufute, anitumie kwa faragha. Jumatatu naenda kuandikisha malalamiko na sitaki kwenda peke yangu.