TAHADHARI: Rili za "mzigo wa maonyesho" zinazouzwa Watamu, Malindi na Kilifi ni bandia

Ndugu zangu wavuvi, manahodha, mabaharia, na nyinyi mnaouza vifaa vya uvuvi hapa pwani: kuna mtu anazunguka kwenye maboti na begi la rili (vile vyombo vya kuzungushia uzi vinavyofungwa kwenye rodi, fimbo ya kuvulia), akisema ni mzigo uliobaki kwenye maonyesho ya vifaa vya uvuvi ya Orlando, Marekani. Usinunue. Mimi nimenunua mbili, zote bandia, na moja imemkata kijana wangu kiganja. Isitoshe, anachukua pesa za vijana kwa ahadi ya kuwapeleka kwenye maonyesho hayo mwakani. Hizo nazo zimepotea.

Jina lake siandiki, kwa sababu mimi alinitajia jina moja, mwenzangu wa Kilifi akatajiwa jingine, na nambari tuliyomtumia pesa imesajiliwa kwa jina la tatu. Ukimtafuta kwa jina utamkosa. Mtambue kwa maneno yake.

Alinijia mwisho wa Julai. Mnakijua kipindi hicho: kusi bado inavuma, boti iko juu mchangani, tunakwangua na kupaka rangi, wageni hawajaanza kuja, na kila mmoja anapigia hesabu msimu ujao. Akanisalimu vizuri, akaulizia bei ya rangi ya chini ya boti, akataja watu ninaowafahamu. Shingoni amening'iniza kitambulisho cha maonyesho, kile cha plastiki chenye utepe. Kwenye simu ana picha za ukumbi mkubwa, vibanda vyenye taa kali, watu wanakunja rodi kuzijaribu.

"Kepteni," akaniambia, "hizi zilikuwa kibandani. Maonyesho yakiisha hawataki gharama ya kuzirudisha, wanatuachia sisi mawakala kwa bei ya chini. Nimebakiwa na tisa tu."

Akafungua boksi. Shimano Stella SW, saizi ya 14000. Yeyote anayerusha popa, chambo bandia cha juu ya maji, kumtafuta kolekole anajua hiyo ni rili ya namna gani. Mpya huko Marekani inapita dola 1,000, na ikifika hapa na ushuru wake inazidi. Yeye alitaka shilingi 38,000. Nikachukua mbili kwa 70,000: arobaini nikamtumia palepale kwa simu, thelathini nikammalizia baada ya siku nne. Risiti sikupewa, nami sikuidai. Hilo ni kosa langu, nalisema wazi lisije likawa lako.

Tulizijaza uzi wa kusuka wa ratili 80. Nchi kavu zilizunguka laini kabisa, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika, maana rili yoyote isiyo na mzigo huzunguka vizuri. Septemba tukatoka. Nje ya mwamba tukaona ndege wanashuka juu ya jodari, mgeni akarusha, na jodari akala kabla popa haijavutwa mara tatu. Hakuwa mkubwa, nilimkadiria kilo 25. Akateremka. Rili ikatoa uzi mita kama arobaini vizuri tu, kisha breki, ile inayozuia uzi usitoke ovyo, ikashika ghafla. Rodi ikalala kwenye ukingo wa boti, mgeni akavutwa hatua mbili. Kijana wangu akarukia kuushika uzi apate kumpunguzia, na wakati uleule breki ikaachia. Uzi wote ukapita kiganjani mwake kama msumeno.

"Ami, mkono! Mkono!"

Nikaukata uzi kwa kisu. Alishonwa nyuzi saba, na hakushika kamba wala usukani kwa wiki nne. Yule mgeni, kama angekuwa amejifunga mkanda wa kupigania samaki, ule unaomfunga mtu na rodi, ningekuwa nawaandikia habari nyingine kabisa. Ndiyo maana nawasihi msilichukulie jambo hili kama la kupoteza pesa tu.

Na yuko samaki pia. Sisi tumezoea kumwekea sulisuli alama na kumwachia. African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia sulisuli na jamii yake kwa alama hizo, liko hapahapa Watamu, na manahodha wa sehemu hizi wamewawekea samaki alama zake kwa miaka mingi. Samaki anayeachiwa anatakiwa aende mzima. Rili inayokwama hukata uzi, naye huondoka na ndoana mdomoni akiburuta mita mia nyuma yake. Huyo hatujamwachia, tumemuua polepole mahali ambapo hatumwoni. Jodari wangu aliondoka hivyo, na bado namfikiria.

Usiku ule nilitandaza gazeti mezani nikazifungua zote mbili. Kwenye mguu wa rili, pale unapobana rodi, kuna nambari iliyochorwa. Nambari ya rili ya kwanza na ya rili ya pili ni ileile, tarakimu kwa tarakimu. Nikatoa spuli, pale uzi unapojikunja. Washa za breki ni vitambaa vikavu visivyo na hata tone la grisi, na kimoja kimejikunja ukingoni. Hicho ndicho kilichokuwa kikikwama. Gia imeshalika meno mawili. Beringi moja ina kutu ya rangi ya chungwa, na rili imeingia baharini mara moja tu. Maandishi ya ubavuni niliyakwangua kwa ukucha, herufi ya kwanza ikabanduka kama rangi ya kucha.

Asubuhi nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza nisingeandika haya. Nilifunga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, nikaikaza breki mpaka mwisho, kisha nikamwambia mwenzangu avute polepole. Boksi linaahidi kilo 25. Breki ikaachia kwenye kilo 5, ikakwama mpaka 13, ikaachia tena kwenye 4. Breki nzima haiendi hivyo. Ukiiweka kilo 8 hutoa uzi kwenye kilo 8, na ikipanda hupanda taratibu kadiri uzi unavyopungua kwenye spuli. Sindano ya mizani ikirukaruka, iache rili hapohapo hata ukipewa bure. Mtu anayevua kwa uzi wa kilo 37, yaani ule wa ratili 80, huweka breki karibu theluthi yake, kilo 12 hivi, na hesabu yote ya kumpigania samaki imejengwa juu ya hapo. Rili ambayo hujui itashika lini haina hesabu.

Sasa nije kwenye maonyesho yenyewe, maana neno hilo ndilo chambo chake. Maonyesho yapo kweli, na ndiyo sababu uongo wake unaaminika. Yale ya Orlando yanaitwa ICAST, huandaliwa na American Sportfishing Association, na kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika mwezi wa Julai. Ulaya wana EFTTEX, ambayo imekuwa ikihama mji hadi mji: imewahi kufanyika Amsterdam, Budapest, Brussels. Kuna China Fish ya Beijing, na kuna ya Yokohama kule Japani, ambayo hata wavuvi wa kawaida huingia kutazama. Kazi ya maonyesho ya biashara kama ICAST ni kampuni kuonyesha bidhaa, na wenye maduka kuja kuzikagua na kuandika oda. Mzigo wa oda huja baadaye, mara nyingi miezi baadaye, kwa meli au ndege, na karatasi zake za forodha. Mtu anayekwambia ametoka Orlando Julai hiihii na boksi tayari liko mchangani Watamu, muulize karatasi za forodha kabla hujamuuliza bei.

Halafu tazama hizo tisa zake. Rili ya kibandani huwa imeshikwa na kila mpita njia, imezungushwa mkono kutwa nzima siku tatu. Inakuwa na alama za vidole, pengine na mikwaruzo. Zake zote tisa ni za saizi moja na zote zimo ndani ya nailoni isiyofunguliwa. Kibanda gani kinaweka rili tisa zinazofanana ndani ya nailoni? Swali hilo lilinijia baada ya kulipa. Na kile kitambulisho cha shingoni, mwenzangu wa Kilifi alikipiga picha bila yeye kujua: tulipoikuza tukaona mwaka uliochapwa si mwaka huu. Hata kingekuwa cha mwaka huu, kitambulisho kinamruhusu mtu kuingia ukumbini, hakimfanyi kuwa wakala wa kampuni yoyote.

Habari ya vijana ndiyo iliyonifanya niandike leo badala ya kusubiri polisi. Baharia mmoja wa boti jirani, kijana mtulivu anayefunga ndoana vizuri kuliko sisi wote, alimpa shilingi 55,000. Aliahidiwa barua ya mwaliko, kitambulisho, nafasi kwenye "kibanda cha Kenya" na visa ya Marekani "kupitia waandaaji". Alichopata ni barua kwenye simu, ina nembo iliyokatwa mahali na kubandikwa, na jina lake limeandikwa kwa makosa mawili. Pesa hizo mama yake alizitoa kwenye chama chao cha kuweka akiba.

Wazazi na vijana, lishikeni hili. Visa ya kutembelea Marekani haihitaji barua ya mwaliko ili uombe. Unaijaza fomu mwenyewe, unalipa ada kwa njia rasmi ya ubalozi (mwaka 2023 ilipandishwa kutoka dola 160 hadi 185), kisha unakwenda kuhojiwa mwenyewe. Hakuna mwandaaji wa maonyesho anayetoa visa, na ofisa anayekuhoji hafungwi na barua ya mtu. Kuingia maonyeshoni, biashara hujiandikisha yenyewe moja kwa moja kwa waandaaji na kuthibitisha kwamba ni biashara ya uvuvi kweli. Utapeli wa kuzungukia maonyesho haukuanzia kwetu. Hata makampuni ya Ulaya na Marekani huandikiwa na watu wasiohusika na waandaaji, wakiuziwa orodha za wahudhuriaji na vyumba vya hoteli ambavyo havikuwekwa. Waliozoea huthibitisha kila kitu kwenye tovuti ya waandaaji wenyewe kabla ya kutoa senti. Tufanye hivyohivyo.

Ndugu wenye maduka, nyinyi nina ombi maalumu kwenu. Najua mmoja alikuwa amechukua nne na akafikiria kuziuza kwa bei aliyonunulia ili arudishe pesa zake. Nilikaa naye, nikamwonyesha kiganja cha kijana wangu, akazitoa rafuni. Namshukuru mbele yenu. Hasara ni hasara, lakini ukimpitishia mwenzako kitu unachojua kitakwama mikononi mwake baharini, utakuwa umeingia kundi moja na yule aliyekuuzia. Hata rapala zake, vile vyambo bandia vyenye umbo la samaki, msiuze. Nilizibana ndoana zake kwa koleo, zikanyooka kama waya wa kufungia mkaa.

Kama umeshalipa, usifute ujumbe wowote. Ukiwa umetuma sasa hivi kwa M-Pesa, upeleke ujumbe wa malipo kwenda 456 bila kuchelewa kuomba pesa zirudishwe, kwani akishazitoa inakuwa vigumu. Nambari yake iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 333. Nenda kituo cha polisi uandikishe upewe nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Mimi ninayo yangu, na wa Kilifi anayo yake. Tukiwa wengi, hawawezi kusema ni ugomvi wa watu wawili. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana simu ya bure, 0800 722 203. Na kwa kuwa bidhaa zenyewe ni bandia, ipo pia Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Wapelekee rili yenyewe, na boksi lake.

Akikujia, usimpige wala usimkusanyie watu. Mwambie unataka kupima breki kwa mizani kwanza, na kwamba utalinganisha nambari za miguu ya rili zote tisa. Yule wa Kilifi alimjaribu hivyo mara ya pili. Jamaa akasema amesahau chaja kwenye pikipiki, na hakurudi.

Mara ya mwisho nimesikia kwamba ameelekea kusini, Diani na Shimoni, kwa hiyo nyinyi wa huko mwambiane leo, kabla kaskazi haijaanza na maboti hayajajaa wageni. Zangu mbili sikuzifunga tena. Ziko wazi kwenye sinia nyumbani kwangu Watamu, kila kipande peke yake, na mizani iko pembeni. Anayetaka kununua rili yoyote kwa mtu asiyemjua, aje nayo kwanza tuilinganishe, saa yoyote nikiwa nchi kavu.